Atuganile Anatangulia

Asubuhi moja ya mwezi Mei, miguu ya mzee Ambokile ilikataa kutoka chumbani kwake. Hakuwa ameanguka, wala hakuwa na maumivu. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akivitazama viatu vyake kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuongea. Binti yake, Sekela, alikuja na kikombe cha chai akamkuta hivyo.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Hapo mezani kwako," alisema mzee. "Miguu nimeshaiambia. Haijasikia."

Sekela aliweka kikombe chini, akautanguliza mguu wake mbele ya ule wa baba yake, upande upande, kama gogo dogo njiani. Mzee akautazama, akainua mguu, akauruka. Baada ya hapo alitembea mpaka mezani bila shida.

Sekela aliijua mbinu hiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Ugonjwa wa baba yake ulianza kwa mkono wa kulia kutetemeka. Dawa za siku hizo ziliweza kutuliza mkono, lakini zilishindwa na miguu. Mgonjwa aliweza kukwama katikati ya sakafu tupu, safi, isiyo na chochote cha kumzuia. Ukimwekea kitu cha kuruka, anaruka. Kwa nini mguu unaogoma kwenye sakafu tupu unakubali mbele ya kizuizi, madaktari walikuwa bado wanabishana. Pale Kituo cha Mwendo, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, walikuwa wameacha kubishana wakajenga Ukuta.

Kituo kilikuwa ndani ya ghala la zamani la chai, na mvua ikinyesha, mbao za dari bado zilitoa harufu ya majani makavu. Upande mmoja wa ghala, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukuta mzima ulikuwa kioo cha picha. Sambamba nao ilipita njia ya mpira laini. Mgonjwa alivaa mkanda mwembamba kiunoni, uliosema na mishipa ya uti wa mgongo, akasimama mwanzo wa njia. Ukutani, ubavuni mwake, alitokea mtu wa kuchora, anayeonekana kwa upande. Mgonjwa akipiga hatua, mtu yule naye anapiga hatua, na nchi yote ya ukutani inasogea nyuma: vilima, migomba, mawingu. Kisha mbele kunatokea shimo, na juu ya shimo kibao kimoja kinakwenda na kurudi.

Watu walioshindwa kuvuka sebule zao walivuka mashimo yale. Mgonjwa akikanyaga kibao, mkanda ulimfanya asikie kiunoni kwamba anabebwa. Sekela ndiye aliyevipanga vibao hivyo: kipi kiende pembeni, kipi kipande na kushuka, kipi kizame kikikanyagwa, kipi kitulie mpaka mtu apande ndipo kiondoke. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kazi hiyo aliiweza.

Kwa baba yake haikufanya kazi.

Mzee alivalishwa mkanda, akasimama mwanzo wa njia, akautazama Ukuta kwa jicho la fundi anayeonyeshwa meza ya fundi mwenzake. Kibao kilikuja, kikakaa kidogo ukingoni, kikaondoka. Kikaja tena. Mzee hakuinua mguu.

"Nani amekipanga hiki?" aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Kinamngoja mtu. Kibao hakitakiwi kumngoja mtu. Ukimngoja, anaanza kufikiri, na akishafikiri amekwisha."

Daktari Nuriati, aliyesimama nyuma yake tayari kumdaka, alicheka. Alikuwa mwanamke wa Pangani, mpole, ambaye alikuwa bado hajaizoea baridi ya Tukuyu. "Kumbe mzee wetu ni mtaalamu."

"Mwanangu," alisema Ambokile, "mimi nimetengeneza gemu kabla hata mama yako hajaolewa."

*

Hilo lilikuwa kweli, ingawa kwa muda mrefu Sekela alilichukulia kama jambo la aibu ndogo ya nyumbani.

Enzi zile simu zilikuwa bado zinashikwa mkononi. Ambokile alipanga chumba Mwanjelwa, mjini Mbeya, juu ya duka la fundi simu, na humo yeye na msichana aliyeitwa Atuganile walitengeneza gemu waliyoiita Vuka. Ilikuwa gemu ya watu wawili, mmoja mwenye shati jekundu na mwingine mwenye kitenge cha njano, wanaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wakivuka korongo kwa kurukia vibao vinavyoning'inia juu ya mto. Ambokile alichora. Atuganile aliandika amri za mashine. Walikaa kwenye benchi moja kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya viti viwili.

Kisa ambacho mzee alipenda kusimulia kuliko vyote kilikuwa cha kibao cha kwanza. Mtu mwenye shati jekundu alikuwa anaruka, anatua juu ya kibao vizuri kabisa, kisha kibao kinaondoka na yeye anabaki hewani, kisha anaanguka mtoni. Ambokile alikuwa anajaribu kumfundisha mtu yule atembee kwa kasi ya kibao. Atuganile alitazama kwa muda, akasema, "Unamchosha bure. Akishakanyaga, mwendo wa kibao uwe mwendo wake. Na akiruka, aondoke nao." Walibishana mpaka fundi wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mwishowe wakafanya alivyosema, na kwa mara ya kwanza mtu mwekundu alisimama juu ya kibao akabebwa, katulia, mikono kaiachia, mpaka ng'ambo.

"Siku ile ndipo nilipojua nitamuoa," mzee alikuwa anasema. Na Atuganile, enzi za uhai wake, alikuwa anajibu kutoka jikoni, "Mimi siku ile nilikuwa na njaa tu."

Vuka haikupata jina. Watoto wa Mbeya waliicheza kama msimu mmoja, kisha zikaja simu mpya zisizoikubali. Lakini wale wawili hawakuiacha. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa wakacheza, hata wakiwa na mvi, na siku zote Atuganile alitangulia. Sekela alikua akisikia sauti za kurukaruka zikitoka sebuleni, na wenzake wakimuuliza wazazi wake wanafanya nini, alisema wamelala.

Atuganile alifariki ghafla jikoni kwake, moyo ulisimama. Miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita sasa.

Baada ya baba yake kuvikosoa vibao vyake, Sekela alikwenda nyumbani akafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha mzee, akatoa kompyuta ya zamani, nzito, yenye vumbi. Mtaalamu wa vifaa wa pale Kituoni aliifufua kwa shida. Ndani yake Vuka ilikuwa nzima. Na kulikuwa na kitu ambacho Sekela hakukijua. Gemu ile ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila mchezo, ili mchezaji aweze kushindana na yeye mwenyewe wa jana. Jumapili zote za wazazi wake zilikuwa mle, kila mruko, kila kuanguka.

*

Siku Vuka ilipowashwa ukutani, mzee alisimama mwanzo wa njia kama kawaida yake, kakunja uso. Korongo likafunguka. Vibao vilikuwa miraba ya kahawia isiyo na urembo wowote. Kisha mbele kidogo akatokea mtu wa kitenge cha njano.

Mtu wa njano alifika ukingoni mwa shimo. Kibao kikaja. Hakukipanda. Alikiacha kiende, akachuchumaa kidogo kama anayejipanga, na kiliporudi mara ya pili ndipo aliporuka.

"Huyo ni Atuganile," alisema mzee.

Akapiga hatua. Nuriati alinyoosha mikono, lakini mzee alikuwa ameshamwacha nyuma. Alitembea kwa miguu miwili iliyojua inakokwenda, shimo la kwanza, la pili, akipandia vibao bila kuvitazama, mabega yakiyumba kidogo mkanda ulipomwambia anabebwa. Alipofika mwisho wa ghala aligeuka, akapumua kwa nguvu, akasema kwamba mke wake hakuwahi kukipanda kibao cha kwanza tangu amjue, hata basi la kwanza hakupanda, alisema la kwanza hujaa watu wenye haraka. Sekela aliingia stoo akalia huko, kisha akanawa uso akarudi kazini.

Ile ilikuwa miezi mizuri. Mzee alitembea kila asubuhi, na akitembea alisimulia. Alimsimulia Nuriati habari za Mwanjelwa, mahindi ya kuchoma ya kona ile, umeme uliokatika wakati wa kuhifadhi kazi, Atuganile akiandika kwa mwanga wa simu aliyoishika kwa meno. Wagonjwa wengine walikuja kuketi kwenye mabenchi wasikilize. Wengi wao walikuwa wa rika lake, na kila mmoja alikumbuka gemu yake ya utotoni, na kibao chake kilichomshinda.

Vuka ilikuwa na levo chache. Mzee alizimaliza upesi, na levo aliyoimaliza hakutaka kuirudia. Akifika kibao cha mwisho, mahali ambapo mtu wa njano husimama na mchezo hukoma, naye alisimama, na hakukuwa na namna ya kumsogeza tena siku hiyo.

Kwa hiyo Sekela alifanya jambo ambalo lilionekana dogo. Mashine ya Ukuta ilikuwa na uwezo wa kujifunza. Alilisha ndani yake Jumapili zote zile, ikajua jinsi Atuganile alivyosubiri, alivyochuchumaa, alivyokosea. Kisha Sekela akatengeneza korongo jipya, vibao ambavyo mama yake hakuwahi kuviona, akaiambia mashine imvushe. Mtu wa njano akavivuka kama ambavyo Atuganile angevivuka. Na ili mzee asifike mwisho akakwama, Sekela aliongeza vibao mbele ya mtu wa njano kila siku, hivi kwamba levo haikuisha. Atuganile alitangulia, na mzee alifuata.

*

Nuriati ndiye aliyeona kwanza. Alimwita Sekela pembeni wakati wa chai.

"Dada Sekela, jana mzee aliniomba vikombe viwili. Nikampa. Kimoja akakifunika na kisahani, akasema ni cha mama yako, yuko njiani."

Sekela alisema huenda ni utani wake. Lakini alianza kutazama. Mzee alikuwa ameanza kupiga pasi shati la kwenda Kituoni. Aliacha nafasi kwenye benchi. Ugonjwa ule, ukikomaa, huweza kugusa kumbukumbu pia, na Nuriati alikuwa ameshawaonya. Sasa kumbukumbu ya mazishi ilikuwa imeteleza ikaondoka, na mahali pake pamebaki mwanamke mwenye kitenge cha njano anayeonekana kila asubuhi akiwa mzima.

Sekela alijiambia kwamba si vibaya. Baba yake anatembea, anakula, hana huzuni. Aliendelea kujiambia hivyo mpaka asubuhi moja mzee aliposimama katikati ya njia kwa hiari yake mwenyewe, akautazama Ukuta, mtu wa njano akizidi kwenda.

"Sekela," alisema, "mama yako nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, Baba."

"Kwa nini basi hanisubiri? Zamani alikuwa anatangulia, lakini ng'ambo anasimama, ananiangalia nikianguka, anacheka. Sasa hageuki hata kidogo. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza." Aliufuta mdomo kwa kitambaa. "Muulize wewe. Wewe labda atakujibu."

Siku hiyo Sekela na Nuriati walikaa ofisini mlango ukiwa umefungwa.

"Akiacha kutembea," alisema Nuriati, "nitakuwa mkweli kwako. Wagonjwa wa umri wake wakilala kitandani, mapafu yanajaa. Sitakupa tarehe, ila haitakuwa mbali."

"Na akiendelea?"

"Akiendelea, miguu yake itampeleka muda mrefu. Mifupa ni imara, moyo ni imara." Alivuta kiti karibu. "Hatulazimiki kuendelea vilevile. Mfanye mama asimame. Ageuke, amwambie maneno mawili matatu, kisha aendelee. Sauti yake mnayo?"

Sauti walikuwa nayo. Familia gani ilikosa sauti za mama yao siku hizo?

Mchana ule Sekela aliketi mbele ya mashine, akaipa sauti ya Atuganile, akaandika: *Ambokile, pole pole, nakuona.* Ukutani mtu wa njano akageuka, na mama yake akasema maneno hayo kwa lafudhi yake ya kijijini Kyimo, akiivuta ile "pole" ya pili kama alivyozoea. Ilikuwa kazi safi. Sekela akaandika tena: *Sijakukasirikia.* Mama yake akasema hajakasirika. Sekela akajikuta ametulia moyoni, kama ni yeye aliyesamehewa, na ndipo alipoogopa. Maneno yale alikuwa ameyatunga mwenyewe dakika hiyo hiyo, na bado yalimfariji. Angeweza kumfanya mama yake aseme lolote. Kesho mzee angejibu, na keshokutwa angeuliza swali, na Sekela angekuwa anakaa hapa kila mchana akiandika ndoa ya wazazi wake.

Akaizima mashine. Alibaki ameketi pale mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.

*

Alimwambia asubuhi, barazani, dawa ikiwa imeshika na kichwa cha mzee ni chepesi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye mashamba ya chai.

"Baba, nataka tuzungumze habari za Mama."

"Amekutuma?"

"Hapana. Mama alishafariki, Baba. Miaka mingi sasa. Tulimzika Kyimo, kule kwenye migomba ya babu."

Mzee aligeuka akamtazama.

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza."

Mzee aliutazama ukungu. Kisha akasema polepole, "Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilikuwa inanyesha."

"Kuna mtu alikuwa na mwavuli wa kijani. Kila nikisogea, naye anasogea ananifunika. Nilitaka niloane, yeye hataki."

"Alikuwa mchungaji, Baba."

Mzee alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, kisha akalia. Alilia kama mtu aliyepewa habari siku hiyo, kwa sababu kwake ilikuwa siku hiyo. Sekela alimshika bega. Ukungu ulikuwa umeshapanda mlimani mzee alipoweza kusema tena.

"Na yule wa ukutani?"

"Mwanzoni alikuwa ni yeye kweli, michezo yenu ya Jumapili. Baadaye ilikuwa mashine, imejifunza kutoka kwake. Mimi ndiye niliyekuwa naongeza vibao mbele yake, usimfikie."

"Kwa nini nisimfikie?"

"Kwa sababu ungesimama. Na ukisimama hutembei tena."

Mzee alilitafakari hilo. Alijifuta macho kwa kiganja, upande mmoja, kisha mwingine.

"Kwa hiyo hakuwa ananikimbia."

"Hakuwa anakukimbia, Baba."

"Nimekaa wiki hizi zote natafuta kosa langu. Nimerudi mpaka mambo ya ujana. Nikasema labda ni lile." Hakusema ni lipi, na Sekela hakuuliza. Baadaye kidogo alimgeukia binti yake, na sura yake ilikuwa kali kuliko alivyoizoea kwa miaka mingi. "Lilikuwa si jambo la kufanyiwa mtu. Hata kama ni kwa ajili ya miguu yake."

"Nimekosa, Baba."

"Mtoe."

Alimtoa siku hiyo hiyo. Ndugu walikuja kutoka Kyimo wakakaa na mzee, wakaimba nyimbo za msiba chini chini, kwa sababu yeye alikuwa amefiwa na haikufaa abaki peke yake. Si wote walioafiki. Shangazi Lusubilo, dada yake mzee, alimvuta Sekela nyuma ya nyumba.

"Umemzika mama yako mara ya pili. Ungemwacha kaka yangu na furaha yake."

"Hakuwa na furaha, Shangazi. Alikuwa anamfukuzia mtu asiyegeuka."

Shangazi hakuridhika, na aliondoka bila kuaga vizuri.

*

Yaliyofuata ndiyo ambayo Nuriati aliyasema. Ukuta uliwashwa, vibao vikaja vikaenda, na miguu ya mzee haikuinuka. Walijaribu levo za zamani, wakajaribu mpya. Alisimama pale na mkanda wake mpaka jasho likamtoka, kisha wakamrudisha kwenye kiti cha magurudumu. Sekela hakulala vizuri siku hizo. Kuna wakati aliweka kidole juu ya kitufe ambacho kingemrudisha mtu wa njano, akakiondoa.

Siku moja mzee alikuwa kwenye njia, amekwama, akamwona Sekela ameketi nyuma ya meza ya kuongozea.

"Hiyo gemu ni ya watu wawili," alisema. "Mimi nasimama hapa peke yangu kama mlingoti. Chukua wa pili."

"Sijui kuicheza, Baba."

"Najua hujui. Ulikuwa unaona haya. Chukua."

Sekela alichagua mtu wa pili, wa rangi ya bluu, kwa sababu ya njano hakuitaka, akashika kiongozio. Alikuwa amepanga vibao maisha yake yote ya kazi, lakini kuvirukia ilikuwa habari nyingine. Aliruka mapema, akaanguka mtoni. Akarudi mwanzo, akaruka akachelewa, akaanguka tena. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walianza kucheka.

"Unakitazama kibao," alisema mzee.

"Nitazame nini sasa?"

"Patazame pale kitakapokuwa. Kibao kiache, chenyewe kitakuja. Hebu ngoja."

Akapiga hatua kumwonyesha. Ilikuwa hatua moja, kisha ya pili, kisha mtu mwekundu alikuwa juu ya kibao na mzee anayumba kiunoni, anabebwa. Nuriati alikuwa ameziba mdomo kwa mikono. Ng'ambo ya shimo mzee alisimama, akaugeukia Ukuta akasubiri mtu wa bluu aanguke tena, na alipoanguka, mzee alicheka mpaka ikabidi ashikwe.

Hakuwahi kutembea tena kama ile miezi ya Atuganile. Siku nyingine alivuka mashimo mawili, siku nyingine moja, siku nyingine miguu ilikataa kabisa na wakabaki kuzungumza. Sekela alizidi kuwa hodari kidogo, ila si sana. Mara moja tu walifika mwisho wa levo ya kwanza pamoja. Mtu mwekundu na mtu wa bluu walisimama kwenye kibao cha mwisho, na muziki mfupi ambao Atuganile aliutunga kwa kugonga sufuria ukalia. Mzee aliusikiliza mpaka ukaisha. Akasema, "Ile sufuria ilitoboka," kisha akaomba kiti.

Mvua za masika zilipoanza alilala kitandani, na hakukaa muda mrefu. Alikuwa na akili zake siku ya mwisho. Aliuliza nani atampeleka Kyimo, akaambiwa Sekela, akasema ni sawa. Walimzika kwenye migomba, ubavuni mwa mkewe, na Shangazi Lusubilo alisimama karibu na Sekela wakati wote, ameushika mkono wake.

*

Sekela alirudi kazini baada ya msiba. Nuriati alimpa pole, akamletea chai, kisha akakaa mbele yake akizungusha kijiko kwenye kikombe kilichokwisha korogwa.

"Kuna jambo lazima nikuulize," alisema. "Ukuta umehifadhi siku zote alizotembea mzee. Ni nyingi. Mashine inaweza kumjifunza kama ilivyomjifunza mama. Wapo wagonjwa hapa waliomzoea, wangeweza kutembea nyuma yake. Na wewe pia, kama ungependa kumwona." Aliweka kijiko chini. "Au nizifute zote. Wewe ndiye wa kusema."

Sekela alitazama upande wa ghala. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anavalishwa mkanda mwanzo wa njia, anaulizia kama vibao vya leo ni vigumu.

"Zile alizotembea mwenyewe ziache," alisema. "Ambazo hakutembea, usizitengeneze."

Nuriati aliitikia kwa kichwa. Sekela alikunywa chai yake ikiwa bado ya moto, kisha akainuka kwenda kumpangia yule mama levo ya kuanzia.